Gemu Niliyoishonea Godoroni

Chumba cha mbele, kwa mshona magodoro.
Jumanne, tarehe kumi na nne.

Mpendwa mume wangu mtoro,

Miaka minne! Hata kuku aliyeibiwa hupotea kwa adabu kuliko wewe. Yeye angalau huacha manyoya. Wewe uliacha mashine yako ya gemu juu ya kabati langu ukasema, "Bibi, nitaifuata mwezi ujao," na huo mwezi ujao mpaka leo haujazaliwa. Mama yako akinipigia simu anasema uko bize. Bize na nini? Hata mchimba makaburi hupata siku ya kupumzika. Ungekuwa mume wangu wa kweli ningekuwa nimeshadai talaka na kuolewa na mwenye meno yake yote.

Haya, sasa nikusalimie kama watu. Hujambo? Kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha? Unakula umekaa, au bado unatafuna umesimama kama askari wa zamu? Na yule binti uliyemficha nyuma yako kwenye picha, nimeuona mkono wake begani kwako. Kucha zake safi. Mwambie nimemsalimu, na mwambie asijifiche, mimi siumi mpaka wiki ya pili.

Mimi mzima. Goti la kushoto linalia kama mlango usiotiwa mafuta. Macho yanaiona shazia, ile sindano yangu ya magodoro, ila tundu lake siku hizi nalitafuta kwa ulimi. Sijafa. Ningekufa ungekuja, nadhani, ukale.

Usicheke mwandiko wangu. Unajua sikuingia darasani hata kwa kupotea njia. Barua hii naiandika mwenyewe, siku ya nne sasa, kwenye meza ya kukatia vitambaa, kwa sababu habari iliyomo simwamini mtu kuniandikia. Herufi zangu nimeziokota sehemu mbili: kwenye magunia ya pamba ya sufi, na kwenye gemu yako. Hiyo gemu ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo kaa chini.

Ulipoondoka niliiwasha kwa bahati mbaya, nafuta vumbi. Akatokea yule mwanamke. Unamkumbuka: anarudi mjini kwao baada ya miaka, mji umelala chini ya vumbi, hakuna hata mbwa, na yeye ana taa moja na mikono miwili. Anaamsha nyumba moja moja. Hii anairudishia bawaba, ile anaifungulia maji, ile anaiwashia jiko. Nyumba ikiamka, wenyewe nao wanaamka, wanaanza kusema. Nikasema hii michezo ya watoto, nikanyoosha mkono nizime. Pale pale yule mwanamke akajilaza.

Godoro likabonyea kwanza kwenye nyonga, kisha begani. Alipoinuka likabaki na shimo, likapanda polepole, upande wa ukutani ukawa wa mwisho. Mume wangu, godoro la sufi lililolaliwa miaka kumi ndivyo linavyopanda! Aliyechora vile aliwahi kuamka akageuka akalitazama godoro lake, na watu wa namna hiyo ni wachache hata miongoni mwa wateja wangu. Mkono wangu ukarudi magotini. Sikuzima.

Tangu siku hiyo gemu nyingine zote zimeniharibikia. Kinyozi wa jirani aliniazima diski zake tatu, akijisifu. Ya kwanza ya vita: askari analala kitandani kama sahani mezani, godoro halina habari naye. Nikatoa. Ya pili ya magari: gari linaupiga ukuta na ukuta hausemi kitu. Nikatoa. Ya tatu ya shamba: unapanda leo unavuna leo. Hiyo niliitoa kwa hasira kabisa. Kinyozi akasema, "Bibi, lakini hizo ni gemu tu." Nikamwambia, "Na hicho ulichomnyoa mtoto wa mteja wangu Jumamosi kilikuwa kichwa tu, ndiyo maana kimetoka vile." Hajanisalimia wiki mbili.

Sasa nyuma ya kila mlango wa mji ule pana barua, na usipoisoma huwezi kujua nyumba inaamshwaje. Nyumba ya kwanza ilinichukua wiki mbili. Naikamata herufi moja, naifananisha na ya kwenye gunia, naiweka kando, naifuata nyingine. Iliposomeka nililia, na ukimwambia mtu nitakukana. Miaka mitatu nikaamsha nyumba thelathini na mbili. Ikabaki moja, nyuma ya mnara wa saa, yenye dirisha la kijani. Nilikuwa nimechungulia: mna benchi la kushonea, beseni, na kitanda chenye watoto wawili wamelala mzungu wa nne, mmoja kichwa huku, mwingine kule, kama mimi na ndugu yangu tulivyolala utoto wote. Hiyo niliiwekea akiba. Niliona nikiimaliza sitakuwa na pa kwenda tena.

Ndugu yangu mwenyewe sasa. Babu yako fundi saa. Kiharusi kilimkuta mwaka jana ameinama kwenye meza yake, kikachukua mkono wa kushoto na nusu ya mdomo. Ulimi kilimwachia, kwa bahati mbaya. Watoto wake wakafanya kikao, kila mmoja akaeleza jinsi nyumba yake ilivyo ndogo. Nikamchukua mimi. Nikawaambia wasihangaike kumtembelea, wanaweza kukwama mlangoni kwa ukubwa wa aibu. Wamenisikia vizuri mno, maana hawaji.

Alikuja na mfuko wa nguo na simu kuukuu. Ndani ya simu mna gemu ya matofali: matofali yanashuka, unayapanga, mstari ukijaa unatoweka. Basi, hakuna kingine. Anaicheza kwa dole gumba moja. Na alikuwa na raha, mume wangu! Akishindwa anacheka na nusu ya mdomo, akishinda ananiita, "Dada, dada, njoo uone!" Naenda, naona matofali.

Ile raha yake iliniudhi. Nitakuambia kwa nini, kwa sababu mama yako hajui na shangazi yako anajua nusu. Tulipokuwa wadogo ilipatikana nafasi moja ya shule. Mkubwa nilikuwa mimi. Baba akaitazama mikono yangu, akasema, hii tayari inajua sindano. Akaenda ndugu yangu. Siku moja aliporudi nilimwomba anionyeshe herufi. Akanipa kitabu juu chini, nikakishika hivyo hivyo, nikakikazia macho kama msomi, naye akaanguka sakafuni kwa kicheko. Alikuwa na miaka saba. Mtoto wa miaka saba husamehewa. Najua. Mimi sikumsamehe.

Kwa hiyo nilimwonyesha gemu yangu ili kwa mara moja aone kitu ninacho mimi na yeye hana. Sitakudanganya kwamba ilikuwa huruma.

Nikamfikisha kwenye mnara wa saa. Akasema, "Sogea." Nikasogea. "Sogea tena." Akaanza kuhesabu meno ya magurudumu kwa sauti, la kwanza, la pili, mpaka la tisa, halafu akageuza shingo akanitazama. "Dada, aliyetengeneza hii amewahi kufungua saa." Nikamjibu, "Na kulala kwenye godoro." Hatujawahi kukubaliana jambo tangu tulipomzika mama.

Kishikio cha ile mashine kinataka mikono miwili, na kidole kimoja hakivunji chawa. Nikaufunga mkono wake mfu kwenye kishikio kwa utepe wa kupindia magodoro. Akawa anashughulika na saa, mimi na nyumba, kwa zamu, tunatukanana kwa furaha. Wiki ya tano kidole cha shahada cha ule mkono kikabonyeza kitufe. Chenyewe! Muuguzi anayemjia Alhamisi akakipima, akasema, "Bibi, chochote mnachofanya humu ndani, msiache." Ile simu ya matofali aliifungua mara moja tu, akayatazama yanavyoshuka kama mtu anayetazama chakula cha mgonjwa mwenzake, akaifunga. Watu husema mzoea punda hapandi farasi. Waongo. Mpandishe farasi siku moja, uone punda anavyogeuka mbuzi.

Nikaona hilo, na moyo wangu ukafurahi kwa ubaya. Nilikuwa nimemnyang'anya matofali yake.

Kisha siku moja nikatoka kununua uzi. Narudi, nakuta dirisha la kijani lina taa. Nyumba ya thelathini na tatu, yangu, ya akiba, ameiamsha. Watoto wamekwisha kutoka kitandani, mmoja anatandika, mwingine anachota maji kwenye beseni. Maneno yao ya kwanza yamekwisha semwa, na gemu ile hairudii neno. Nikasema, "Hukuweza kuningoja?" Akasema, "Ningekungoja usome ile barua, tungezikwa wote wawili." Akacheka. Nusu mdomo, lakini kicheko ni kile kile cha sakafuni.

Kwenye mnara alibakiza gurudumu moja, moja tu, mji mzima uanze kusikia saa. Nikabonyeza, nikaitoa diski mbele ya macho yake. Nikamwambia, "Rudi kwenye matofali yako."

Unaijua desturi yangu. Kitu cha thamani nakishonea kwenye kona ya godoro, na kona hiyo naitia uzi mwekundu ili nijue. Hereni za mama zilikaa hivyo, na vyeti vya mama yako vilikaa hivyo miaka yote ya fujo za baba yako. Nikavuta godoro la juu kwenye rundo, nikaisukuma diski ndani, nikashona, nikaenda kuoga nipoe. Nilichosahau ni hiki: rundo lile lilikuwa la Bi Funguo, mwenye nyumba ya wageni, yule anayevaa funguo zote shingoni kama ng'ombe mwenye kengele. Na Bi Funguo alikuwa ameagiza kila kona ya kila godoro itiwe uzi mwekundu, wafanyakazi wasimbadilishie. Nilizitia mwenyewe, siku mbili nyuma. Kona arobaini na nane! Nikatoka bafuni, msukuma mkokoteni anamalizia kupakia, nami nikasimama mlangoni namhimiza asilowanishe. Mwerevu mwenye hasira ni mjinga mwenye mbio.

Nilikumbuka kesho yake asubuhi. Nikachukua shazia nikaenda. Nilianzia chumba namba mbili, nikachoma kona ya kwanza, mgeni akaruka na shuka lake. Sikujua kama yumo. Bi Funguo akaja anakimbia, funguo zinapiga kelele kuliko mgeni. "Bibi, unawachanja au unawaua?" Nikamwambia nakagua kazi yangu. "Kazi umeiuza, unaikagulia nini?" Tukaelewana niwe nakuja siku za usafi tu, magodoro mawili kwa wiki, na mgeni asiwemo.

Huku nyumbani nikamwambia ndugu yangu diski imepotea. Hakuamini. Alidhani namtesa, na siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe ningedhani hivyo. Nikamletea zile tatu za kinyozi. Ile ya vita ina saa ukutani. Akaitazama muda mrefu sana, mishale haitembei. "Zima." Ya magari, "Zima." Ya shamba hata hakusema, alifumba macho. Nikamwekea simu yake mkononi, matofali yakashuka yakajaa mpaka juu bila yeye kugusa hata moja. Kisha akageukia ukuta. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Yeye hakuacha mbacha wake, mume wangu. Mimi ndiye niliyeuchana, nikamtandikia msala, nikauvuta akiwa amekaa.

Mkono ukaanza kujikunja. Muuguzi alikuwa anaingiza kikombe kwenye kiganja chake, ikawa hakiingii. Akaleta kijiko, sasa unaingia mpini wa kijiko tu. Hafanyi mazoezi, hali vizuri. Alhamisi iliyopita muuguzi alinivuta jikoni. "Bibi, huu mkono ukijifunga kabisa hautafunguka tena. Tuna mwezi. Labda na siku chache."

Sasa sikiliza, hapa ndipo nilipokuwa nakuja siku zote nne.

Diski nimeipata. Wiki ya nne, godoro la saba, chumba cha mwisho wa ukumbi. Shazia ikagota. Sikuifumua pale; fundi hafumui mshono wake mbele ya mteja, atauliza una kasoro gani. Nikampa Bi Funguo godoro jipya badala yake, nikabeba hilo kichwani mpaka nyumbani. La ndugu yangu lilikuwa limelowa na limeoza, unajua hali yake. Nikamtandikia hilo. Nikachukua mkasi. Nikapiga magoti miguuni pake, na naapa nilikuwa nimekwisha kushika uzi.

Akasema, "Dada, samahani kwa ile nyumba."

Aliisema vizuri, kwa mdomo wake wa nusu. Nami, mwanamke mzima mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, nikamuuliza, "Na kitabu?"

Akanitazama. "Kitabu gani?"

Hakumbuki. Jambo nililolitembeza kifuani maisha yote, yeye alilicheka jioni moja akaenda kula. Nikauweka mkasi chini.

Leo ni siku ya kumi na moja. Anailalia. Kisigino chake kiko juu ya kitu pekee anachokitaka duniani, na mimi nampikia, namuosha, namgeuza ubavu, nanyamaza. Kila asubuhi nachukua mkasi, kila asubuhi nasikia "kitabu gani," naurudisha. Najua jina la ninachokifanya. Usiniandikie kunifundisha, nimeshajiita hilo jina mwenyewe kwa sauti, jikoni, sufuria zikiwa mashahidi.

Na wewe una lako. Ungetuachia gemu mbovu tungekuwa tunacheka sasa hivi, yeye na matofali yake, mimi na magunia yangu. Umetuletea kitu kizuri kisha ukaondoka usione kinachofanya. Kitu kizuri hakiachwi nyumbani kwa wazee bila mtu wa kukitazama, kama moto usivyoachwa.

Msalimie mama yako, mwambie blauzi aliyonitumia imenibana, nimeikata nimetengenezea mto. Msalimie shangazi yako mpishi, mwambie sufuria yangu iliyobaki kwake ina mpini mbovu kwa hiyo asijidai amesahau kuwa ni yangu. Msalimie dada yako na mtoto wake mwenye masikio. Mwambie yatapungua, ya mama yake yalipungua kidogo. Mungu akulinde na ajali na watu wenye maneno matamu, akupe magoti yasiyolia na ndugu mwenye kumbukumbu.

Na ukija, ambako ni kabla mwezi huu haujaisha, hakuna cha bize, njoo na wembe mpya. Mkasi wangu una kelele, anaujua. Njoo asubuhi nikiwa nimemtoa nje kuota jua. Kona ya miguuni, upande wa ukutani. Kata nyuzi saba, usizidishe, toa diski, ipanguse kwa shati lako. Mikono hii imekataa kufumua mshono huu, na nimejaribu siku kumi na moja. Kona iache wazi, nitaishona mwenyewe kwa uzi mweupe. Toka umsalimie, umwambie umemletea nyingine kutoka huko. Umfunge mkono kwenye kishikio, utepe uko msumarini, na gurudumu la mwisho usimguse, mwachie yeye. Mji ukishaanza kusikia saa, muulize wale watoto wawili walisema nini walipoamka. Muulize kwa sauti ya juu. Nitakuwa jikoni, na mlango nitauacha wazi.

Wako akupendaye kwa nguvu na kwa fimbo,
Bibi yako.